Jina la Kwanza Gatini

Sandfly Bight, Ijumaa, 2 Februari

Kwa Shemeji yangu mpendwa, Norval Sinclair, huko Limón.

Nakuamkia kwa heshima zote zikupasazo, wewe na binti yako na wote waishio chini ya dari yake, nikitumaini kwamba maandishi haya yatakukuta na afya njema kuliko ya huyu anayeyaandika. Naomba radhi, tena si mara moja. Uliniagiza nikuandikie habari za msimu uliopita siku kwa siku, nami sikukuandikia hata mstari. Dada yako Ilma aliugua mwezi Juni, tukamzika Oktoba, na baada ya hapo kalamu iliniwia nzito. Huo si udhuru kwa mtu aliyelelewa na wamisionari, aliyefundishwa kwamba kumchelewesha mtu anayengoja ni utovu wa adabu. Mwaka huu nitaandika. Sitakutumia vipande vipande. Nitaviweka pamoja mpaka msimu uishe, kisha nitafute mtu mwaminifu wa kuvibeba.

Kwa kuwa macho yako yamefifia, na najua mjukuu wako ndiye atakayekusomea, naye hakuzaliwa huku, utanivumilia nikieleza hata yale unayoyajua kuliko mimi.

Nyota ya Asubuhi, timu ya besiboli uliyoiunda wewe, ilimaliza ya nne mwaka jana kati ya timu sita za ligi ya pwani. Itakayokuwa ya sita mwaka huu itatolewa, na nafasi yake itapewa kijiji kingine. Katika kamati tumebaki watatu: Bi Verla Chow wa duka la mabati na misumari, ambaye ni mwenyekiti, kocha, Burton Hebbert, na mimi. Jana tulikaa barazani kwa Bi Verla, na kocha akatoa neno alilokuwa amelibeba tangu Krismasi.

"Hawa wazee watano waende wakapumzike," alisema. "Tuweke vijana. Mwaka huu tutapigwa, mwakani tutapigwa kidogo. Mwaka wa tatu hakuna wa kutugusa."

"Huo mwaka wa tatu utachezea ligi gani, Burton?" Bi Verla akamuuliza. "Ya watoto wa shule ya Jumapili? Ukishika mkia unatoka. Na watu hawavuki maji na jua lote lile kuja kutazama wana wao wanachapwa."

"Kendrid ana miaka thelathini na tisa, Bi Verla."

"Na bado anawatoa watu jasho. Wewe ulipokuwa na ishirini ulikuwa unamtoa nani?"

Kocha alitazama goti lake bovu. Kisha wote wawili wakanitazama mimi, kwa sababu kura zilikuwa moja kila upande, na ya tatu ilikuwa yangu. Nisamehe, Shemeji. Kendrid ni mwanao, na ni mpwa wa marehemu mke wangu. Ndiye mrushaji wetu, na jina lake ndilo la kwanza ninalolisoma tangu nianze kuwasoma wachezaji wa rika lake. Nikasema tungoje mpaka Pasaka, tuone. Wakakubali, kila mmoja akiamini kwamba nimeegemea upande wa mwenzake.

Sitakuficha: nilirudi nyumbani nikimwona Hebbert kuwa mtu wa majivuno, aliyevimbishwa kichwa na mafunzo ya mwaka mmoja huko mji mkuu, Managua.

Jumamosi, 3 Februari

Tumeshinda. Kendrid alirusha mchezo mzima, na wageni walipata mzunguko mmoja tu.

Majina niliyasoma gatini, kazi uliyonikabidhi kwa ajili ya hii sauti yangu ya shule ya misheni. (Mjukuu wangu, uwanja wetu uko ng'ambo ya ghuba, kwa hiyo kila mchezo, wa nyumbani au wa ugenini, huanzia kwenye boti. Anayesomwa hujibu "Nipo" na kupanda. Asiyesomwa hufungua kamba ya boti, huitupa ndani, na kubaki. Haambiwi neno, si kabla wala baada. Babu yako ndiye aliyeuweka utaratibu huo. Alisema ni afadhali mtu apewe kimya kuliko kupewa sababu.) Miaka yote hiyo nimeuhesabu kuwa utaratibu wa staha.

Jumamosi, 10 Februari

Mvua. Hatukucheza.

Jumamosi, 17 Februari

Tumefungwa. Kendrid alitolewa kabla ya katikati ya mchezo. Alisema mpira ulikuwa na utelezi. Kwa kweli ulikuwa na utelezi.

Alhamisi, 22 Februari

Kendrid alikuja kunipigilia bati la jikoni lililong'olewa na upepo. Nilimpa mkate wa nazi na supu ya shelisheli, naye akala kama mtu asiye na haraka. Nikamuuliza kama ni kweli meli ya watalii imemwita tena kazini.

"Imeniita. Mara ya tatu hii."

"Na umewajibu nini?"

"Nimewaambia nina kazi." Akacheka. "Mjomba, usinitazame hivyo. Najua wanayosema kwenye baraza la Bi Verla. Kuta za kule mbao tupu, kila mtu anasikia."

Sikujua nishike nini. Nikashika birika.

"Mimi nataka kitu kimoja," alisema. "Nimalize mwenyewe. Siku nikichoka nitaivua jezi, nitakuja hapa hapa, nikupe mkononi. Sitaki kuvuliwa."

Nikasema nimemsikia. Nakuandikia hilo leo ili, kwa lolote litakalofuata, usiniwazie kwamba sikuwa najua.

Jumamosi, 24 Februari

Tumefungwa.

Jumamosi, 3 Machi

Tumeshinda, kwa bahati. Bi Verla alinunulia timu nzima soda za tangawizi, akasimama juu ya benchi na kumwambia kocha mbele ya watu, "Haya, mzike maiti wako, anapumua." Kocha alikunywa soda yake hadi ikaisha, akakusanya magongo.

Jumamosi, 10 Machi

Tumefungwa vibaya na timu ya Bluefields. Sitataja idadi, kwa heshima yako.

Jumatano, 14 Machi

Nilivuka ghuba kutafuta mwavuli niliousahau uwanjani. Mvua ilikuwa ikinyesha kwa mshazari, ile inayoingia hata chini ya kofia. Nilidhani sitamkuta mtu. Hebbert alikuwepo na vijana saba, maji yamewafika vifundoni, akimfundisha mmoja wao, Nilson Waldan, mtoto wa watu wa mtoni, jinsi ya kuweka mguu wakati wa kurusha. Alikuwa amepiga magoti kwenye tope, na lile goti bovu likiwa ndani, akiushika unyayo wa kijana kwa mikono miwili na kuuweka mahali pake, kisha tena, kisha tena. Hakuwa akipiga kelele. Nilisimama nyuma ya kibanda, nikaona aibu kwa niliyoyaandika tarehe mbili ya mwezi uliopita. Sitayafuta, maana nilifundishwa kutofuta. Nayatengua tu.

Jumamosi, 17 Machi

Tumefungwa kwa mzunguko mmoja. Tumeshika nafasi ya tano.

Jumamosi, 24 Machi

Mvua. Sikutoka nyumbani. Kiti cha Ilma kimeota ukungu kwenye mikono; nimekifuta kwa siki.

Jumamosi, 31 Machi

Tumeshinda. Kendrid alirusha polepole mno, na wapigaji wa wageni walizoea mipira ya kasi, wakawa wanapiga hewa. Watu waliimba njia nzima kurudi. Hebbert aliketi mkiani mwa boti karibu nami.

"Wanaimba," alisema.

"Si wameshinda, kocha?"

"Wameshinda, Mzee Ewart. Ulimwona alivyopanda boti?"

Sikuwa nimemwona. "Amepandaje?"

"Basi hukumwona," akasema, akaugeukia upande wa maji.

Jumamosi, 7 Aprili

Tumefungwa.

Ijumaa Kuu, 13 Aprili

Tumepaka makaburi chokaa, kama kila mwaka kabla ya alfajiri ya Pasaka. Kijiji kizima kilikuwa makaburini na ndoo na brashi, na mvua ikatupa mapumziko ya saa chache. Kendrid alisema kaburi la shangazi yake ni lake na asiguse mtu mwingine. Nikaketi kwenye jiwe nikamwachia.

Alipaka kwa mkono wa kushoto.

Mwanzo nilidhani anabadilisha mikono ili asichoke. Akapaka ubavu mmoja, akazunguka, akapaka wa pili, na ule wa kulia ulikuwa umelala tu pajani kama kitu alichoazimwa. Chokaa ilimchirizikia hadi kwenye kiwiko. Alipotaka kuinua ndoo, alipiga magoti kwanza, akaikumbatia, akasimama nayo. Sasa nikaelewa alichokiona Hebbert siku ile: mtu anayepanda boti bila kushika kamba kwa mkono wake wa kazi.

"Mkono vipi, mwanangu?" nikamuuliza.

"Mzima."

"Naona unapaka kwa wa kushoto."

"Huu wa kulia nauwekea Jumamosi," alisema, akatabasamu, na herufi za jina la Ilma akazipitia taratibu ili chokaa isizijaze.

Pasaka, 15 Aprili

Tarumbeta zilipigwa makaburini kabla ya jua. Jua lenyewe halikutoka.

Alhamisi, 19 Aprili

Tumekaa kwa Bi Verla. Ahadi ya kungoja Pasaka ilikuwa imekwisha, nami sikuwa na mahali pa kujificha.

Bi Verla alisema tuko wa tano, imebaki michezo mitano, na kila mtu mwenye akili anajua kwamba kwa wazee tutaokoka na kwa watoto tutazama. "Hii timu ndiyo kitu pekee kinachofanya hawa watu wakae pamoja bila msiba," alisema. "Ukiitoa kwenye ligi, Burton, vijana wako watafunzwa wakachezee wapi? Chumbani kwako?"

Hebbert alisema kwamba kila mwaka tunaokoka chupuchupu, na kila mwaka tunasema mwakani. "Tunaokoka ili tuje tuokoke tena. Mzee Ewart, hebu sema wewe. Umeona niliyoyaona au hujaona?"

Nikasema nimeona. Nikapiga kura pamoja naye.

Naomba usiniwazie kuwa nilipima hoja zao, nikaona ya kocha ni nzito zaidi. Hoja ya Bi Verla ilikuwa nzuri, na hata sasa naiona nzuri. Mimi nilikuwa nikiona brashi katika mkono wa kushoto. Nilipiga kura ya kuijenga timu upya, kumbe nilikuwa nikimhurumia mtu mmoja.

Bi Verla hakunikemea. Aliinuka, akaanza kufunga madirisha ya duka ingawa saa ya kufunga ilikuwa bado. "Jumamosi utasoma mwenyewe," alisema. "Mimi sitakuwepo."

Ijumaa, 20 Aprili

Kendrid alipita jioni kuniletea samaki. Nilimwandalia chai ya mchaichai. Aliongea juu ya wapigaji wa kesho, nani anapenda mpira wa juu na nani wa chini. Nilimwongezea chai mara mbili. Sikumwambia. Utaratibu hauruhusu, nami ni mtu wa utaratibu.

Jumamosi, 21 Aprili

Nitaandika yote, hata kama mjukuu wako atalazimika kupumzika katikati.

Ilikuwa mechi na jirani zetu, kwa hiyo gati lilijaa. Kendrid alikuja amevaa jezi tayari, ameiweka glavu kwapani. Wale wazee wengine wanne nadhani walikuwa wamenusa jambo, maana walisimama nyuma, karibu na mapipa. Yeye alisimama palepale pake, mbele, kwenye ubao ule uliolika. Alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu. Nilikunjua karatasi, nikafungua kinywa, nikakohoa.

Naye, pale pale alipoinama, kabla sijasoma jina lolote, akasema, "Nipo."

Kwa mazoea. Kwa miaka yote hiyo nikifungua kinywa hufuata jina lake. Watu walicheka kidogo, kicheko cha upendo. Mtu mmoja akasema, "Huyu siku hizi anajisoma mwenyewe."

Nikasoma: "Nilson Waldan."

Sijawahi kusikia maji yakigonga nguzo za gati kama nilivyoyasikia hapo. Nilson hakujibu. Alimtazama Kendrid, akanitazama mimi, akamtazama kocha. Kendrid alimaliza kufunga kiatu chake. Alikifunga vizuri, fundo mara mbili. Akasimama, akamwambia kijana, "Jibu. Umesomwa." Nilson akajibu kwa sauti ambayo haikufika popote, nami nikaendelea na majina mengine, na leo siwezi kukuambia niliyasomaje.

Boti ilipojaa, wale wanne wa nyuma hakuna aliyesogea. Kendrid ndiye aliyekwenda kwenye nguzo. Fundo lilikuwa limelowa, na kwa mkono mmoja lilimchelewesha. Hakuna aliyemsaidia, maana asiyesomwa ndiye afunguaye, na sisi sote tulikaa tukimngoja amalize. Hatimaye lilifunguka. Akaizungusha kamba, akaitupa ndani kwa mkono wa kushoto, ikaangukia magotini pangu.

Nadhani hukuwahi kuketi upande huu wa kamba, ndugu yangu, na mwanao akiwa upande ule.

Tumefungwa kumi na moja kwa moja.

Jumapili, 22 Aprili

Kendrid hakuwa kanisani. Bi Verla alikuwepo, hakunisalimu.

Jumamosi, 28 Aprili

Tumefungwa. Tumeshika mkia.

Jumamosi, 5 Mei

Tumefungwa. Nilson alirusha vizuri kwa muda, kisha akaingiwa na hofu. Waliovuka kuja kutazama walitosha kwenye boti moja. Mvua za Mei zimeanza kwa dhati, na mti wa ngoma za Mei uliosimamishwa katika uwanja wa kanisa la Moravian umelala, karatasi zake za rangi zimechujukia topeni. Wasichana walicheza pembeni yake hata hivyo, kwa muda mfupi.

Jumanne, 8 Mei

Nimepita mbele ya nyumba ya Kendrid. Alikuwa dirishani. Tulipeana salamu kwa mkono.

Jumamosi, 12 Mei

Ajabu: tumeshinda. Vijana walikimbia vituo kama wanafukuzwa na nyuki. Bi Verla alikuwepo, peke yake chini ya mwavuli, upande wa wageni. Nilimwona akinyanyuka kitini mara moja, kisha akajikalisha.

Alhamisi, 17 Mei

Bi Verla ametuita. Tunalingana na timu ya tano, na mechi ya mwisho, Jumamosi ya kesho kutwa, ni dhidi yao. Atakayeshindwa anatoka.

"Nimekaa kimya mwezi mzima," alisema. "Leo sikai. Mwiteni Kendrid. Mchezo mmoja tu. Akishamaliza huo, jengeni mnachojenga, nami mabati nitawapa."

"Tukimrudisha tumewaambia vijana hatuwaamini," Hebbert akasema.

"Na tukitoka kwenye ligi tumewaambia nini?"

Kocha alilipapasa goti lake. Kisha akageuka kwangu, na sauti yake haikuwa ya mabishano. "Mimi kamba ile nimeifungua, Mzee Ewart. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Mzee Norval hakunisoma, nikafungua, nikaenda nyumbani. Mama alikuwa amepika kwa ajili ya ushindi. Mpaka leo sijui ilikuwa ni goti, au nilikosea nini. Nilikuja kumuuliza mara mbili, akaniongelesha habari za mvua."

Bi Verla alisema kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, "Ilikuwa goti, Burton. Kila mtu alijua."

"Kila mtu isipokuwa mimi."

Naomba radhi kukuandikia hilo. Lakini nimefikiri kwamba ungependa kulijua, na ya kwamba ungali na nafasi ya kumjibu.

Kura ikabaki yangu tena. Nikaomba siku moja, nikaenda kwa Kendrid.

Alinikaribisha kiti kizuri. Chai hakunipa, na sikustahili. Nikamweleza yote.

"Mkono huu una mchezo mmoja, mjomba. Labda nusu," alisema. "Ukinisoma nitakuja. Nitarusha mpaka ukatike. Ila usinisome kwa kunihurumia. Mara ya kwanza ulinihurumia."

"Nani amekuambia?"

"Aliyeketi kunitazama na brashi ni wewe peke yako." Akaikunjua na kuikunja ile mikono yake, mmoja ukifika, mwingine ukiishia njiani. "Sikukasirikia kutosomwa. Hata mimi ningemsoma Nilson. Nimekasirikia ile chai. Ulinimiminia mara mbili, mjomba, nami nakueleza habari za wapigaji kama mwehu."

Nikamwomba msamaha. Akasema, "Sawa," kama mtu anayepokea kitu na kukiweka mahali ili akitazame baadaye.

Ijumaa, 18 Mei

Nimerudi kwa Kendrid kabla ya giza, nikasimama mlangoni. Nikamwambia: "Kesho sitakusoma. Kijana ni bora kuliko wewe sasa, na mkono huo nataka ubaki nao. Zote mbili ndizo sababu, na ya kwanza ingetosha."

Naye akasema, "Asante kwa kuniambia."

Jumamosi, 19 Mei

Kijiji kizima kilikuwa gatini, wengine wakiwa wamekasirika. Mtu mmoja alipaza sauti kutoka nyuma, "Mzee, leo soma vizuri." Nilisoma kama nilivyoamua. Nilson alijibu, na safari hii sauti ikasikika. Kendrid alikuja, bila jezi, akafungua kamba ingawa hakuna aliyemtazamia. Na kabla ya kuitupa alimwambia Nilson, "Mpigaji wao wa tatu anapenda mpira wa juu. Usimpe wa juu."

Mvua haikuacha. Tuliongoza kwa mzunguko mmoja hadi mwisho kabisa. Katika zamu yao ya mwisho Nilson aliwatoa wapigaji wawili, amebakia mmoja, na watu wetu walikwisha kusimama. Mpira ulikuwa umelowa kama sabuni. Aliyepiga alikuwa yule wa tatu. Nilson alikumbuka; alijaribu kumpa wa chini, ukamponyoka ukaja juu. Ulivuka ua, ukaanguka kwenye mikoko. Walikuwa na mtu kwenye kituo, naye akaingia pamoja na mpigaji. Tukafungwa kwa mmoja.

Hakuna aliyelia wala kutukana. Bi Verla alitembea katikati ya uwanja na mwavuli wake, akaufungua juu ya kijana aliyekuwa amechuchumaa pale pa kurushia, akasimama hivyo, yeye akilowa.

Je, Kendrid angewazuia? Bi Verla anasema ndiyo. Kocha anasema hapana. Mimi sijui, na ni mimi ninayepaswa kukaa na kutojua huko.

Jumapili, 20 Mei

Mvua.

Jumanne, 29 Mei

Kulikuwa na mtu uwanjani Jumamosi ile aliyekuja kutoka Managua kwa shughuli zake nyingine. Leo amemchukua Nilson kwa timu ya huko. Vijana wetu wengine wawili wanahamia Bluefields, kwa kuwa mchezaji hawezi kukaa mwaka mzima bila ligi, na hakuna anayeweza kuwalaumu. Nilimkuta Hebbert kibandani akihesabu glavu zilizobaki.

"Nimewafundisha vizuri, sivyo, Mzee Ewart?"

Nikamwambia amewafundisha vizuri sana.

"Basi nyumba tumeijenga," alisema. "Ila kwenye kiwanja cha mtu."

Atabaki. Ana watoto wa miaka kumi na miwili wanaomjia alasiri, na wanamtosha kwa sasa. Bi Verla amesema mabati ya kibanda atayatoa. Sijui kama ni kwa matumaini au ni kwa sababu alikwisha kusema.

Jumapili, 3 Juni

Shemeji yangu, nafikia mwisho, na ninaogopa kuyasoma tena yote haya nisije nikayapunguza. Uliniachia timu ikiwa katika ligi, nami nakurudishia habari ya timu isiyo na ligi, isiyo na mrushaji mzee wala kijana. Majina sitayasoma tena. Nimemwomba kocha kwamba, ikiwa siku moja kutakuwa na boti ya kupanda, kila mtu aambiwe nyumbani kwake, na sababu yake, na mtu aliye tayari kukaa hadi maswali yaishe. Amekubali upesi kuliko nilivyotazamia. Najua nimeondoa ulichokiweka wewe. Nisamehe kwa hilo, au ukishindwa, uniandikie.

Kendrid alikuja leo baada ya ibada. Alikuwa na jezi, imefuliwa na kukunjwa. Akaniwekea mkononi.

"Nilikuahidi nitakupa mwenyewe," alisema.

Nikamwambia sikumwachia nafasi ya kuitimiza ahadi hiyo kama alivyotaka.

"Ndiyo," akasema. "Lakini jezi ni ile ile."

Tukanywa chai. Ameacha mambo ya meli, mkono hauwezi. Binti yako amemwandikia kwamba kuna kazi ya kusimamia ghala huko Limón, na kwamba wewe unamuulizia kila siku. Amekubali. Kwa hiyo atakayekuletea maandishi haya ni Kendrid mwenyewe. Nilimuuliza kama ataona uzito kubeba karatasi zinazomzungumzia, akasema kwamba za kwake anazijua, hana haja ya kuzifungua. Akifika, tafadhali usimwongeleshe habari za mvua.

Boti inaondoka kesho alfajiri. Yeye atapanda na mimi nitabaki. Kamba nitaifungua mimi.

Wako kwa unyenyekevu,
Ewart Bendliss